Mtoto wa miaka 12 anaenda kambi Marangu na mfukoni una laki mbili: nini ununue, nini ukodi, nini uache

Swali lenyewe kwa ufupi ili na wengine wafaidike. Dada mmoja wa Tabata ana mtoto wa kiume wa miaka 12, darasa la sita, shule inawapeleka Marangu katikati ya mwezi wa saba, wanalala siku tatu kwenye mahema, na siku moja wapo wanapanda kwa miguu hadi Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, na kurudi. Shule imetoa listi: hema, slipingi begi, kigodoro, buti za mlima, jaketi la mvua, begi la mgongoni la lita 60, taa ya kichwani, nguo za ndani za baridi, fimbo mbili za kutembelea, mpaka geta, vile vitambaa vya kufunga miguuni kuzuia tope. Kaingia duka moja mjini kapigiwa hesabu laki saba na themanini. Alichonacho ni laki mbili. Anauliza vyote hivyo ni lazima kweli, na vya bei nafuu atavipata wapi, maana mtoto ameshaanza kumwambia mama basi mi nibaki tu.

Dada yangu, mtoto aende. Laki mbili inatosha, tena ukizunguka vizuri sokoni inabaki na chenji ya kumpa mfukoni. Mi kazi yangu ni mlima na stoo ya vifaa, vitu hivi nimevikodisha, nimevifua na nimevishona, kwahiyo nakwambia wazi hiyo listi sio ya mtoto wako. Hiyo ni listi ya mtu anayeenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, kule ambako usiku joto linashuka chini ya sifuri na maji yanaganda ndani ya chupa. Mtu kaichukua ilivyo akaigawa kwa wazazi, na inaniuma kwa sababu kila mwaka kuna watoto wanabaki nyumbani kwa ajili ya karatasi moja ambayo hakuna aliyekaa chini akaipunguza.

Kabla hujatoa hata mia, piga simu kwa mwalimu anayesimamia safari umuulize mambo matatu: mahema yanatoka wapi, mizigo ya kulalia inabebwa na gari au na watoto wenyewe, na kambi ipo wapi hasa. Hilo la tatu naweza kukukisia. Kwenye Kilimanjaro njia ya Marangu ndo njia pekee ambayo ndani ya hifadhi watu wanalala kwenye vibanda, kule juu hamna mambo ya hema kwa njia hiyo, kwahiyo wakisema hema na Marangu kwenye sentensi moja ujue kambi iko huku chini nje ya geti, kwenye kiwanja cha hoteli au cha shule fulani, sehemu ambayo basi linafika mpaka mlangoni. Na basi likifika, begi la lita 60 halina kazi yoyote. Vitu vya kulalia vinaingia kwenye begi lolote la safari mlilonalo hapo nyumbani, hata lile la shangazi yenu la kwendea msibani, na siku ya kupanda Mandara anabeba begi lake la shule lenye mikanda miwili, ndani kuna maji, chakula cha mchana, sweta na koti la mvua, basi. Mtoto wa miaka 12 mwenye kilo 38 hivi mzigo wake mgongoni usizidi kilo nne, ukizidi hapo anaanza kuinama mbele na hiyo safari ataichukia. Kwahiyo begi limeshatoka kwenye hesabu, na hapo tu umeokoa hela ndefu.

Sasa ujue anaenda kukutana na nini. Geti la Marangu liko mita 1,800 na kitu, Mandara ni kama 2,700, katikati ni msitu mtupu, kilometa nane hivi, mtu mzima anatumia saa tatu kupanda, watoto wawape nne maana watasimama kuangalia mbega na kima kila kona, na wakifika wakiwa na nguvu huwa wanapelekwa hadi kreta ya Maundi ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Mwezi wa saba ni kiangazi ila huo upande wa mlima una msitu unaovuta ukungu, kwahiyo manyunyu na tope vinaweza kuwepo hata kama Moshi mjini kuna vumbi. Usiku kambini nyuzi 10 hivi, kuna siku inashuka zaidi. Kwa mtoto wa Arusha au Njombe hiyo ni kawaida, kwa mtoto wa Tabata aliyezoea kulala na feni hiyo ni baridi kweli kweli, na ndo maana mi hela yako nyingi naipeleka sehemu tatu: chini ya mgongo wake, juu ya mabega yake, na miguuni. Vingine vingi ni vya kuazima au vipo ndani kwako.

Naanza na kigodoro kwa sababu wazazi wengi wanakifanya cha mwisho. Wananunua slipingi begi ya bei mbaya alafu mtoto analazwa juu ya turubai tupu, saa nane usiku anatetemeka na kila mtu anashangaa. Slipingi begi inapasha kwa ile hewa iliyokamatwa ndani ya pamba yake, mtoto akiilalia, upande wa chini unabanwa, hewa inatoka, vinabaki vitambaa viwili na udongo, na udongo wa Marangu usiku unavuta joto la mwili mpaka asubuhi. Kigodoro kizuri na blanketi la kawaida vinamshinda mtu mwenye slipingi begi ya gharama bila kigodoro, hili nimeliona mara nyingi mno.

Cha kununua sasa. Kama una mtoto mdogo au jirani anaye, angalia zile mati za sponji za watoto za kuunganisha, zenye herufi na namba, zile sponji yake haipitishi maji, ni nyepesi, na inazuia baridi vizuri tu. Unganisha safu mbili za vipande vitano vitano vile vya sentimita 30, unapata mita moja na nusu kwa sentimita 60, piga selotepu pana kwenye maungio kwa chini zisiachane usiku, mtoto amepata kigodoro bila kutoa shilingi. Kama huna, nenda Kariakoo ununue mkeka wa yoga ule mnene wa sentimita moja, sio ule mwembamba wa kukunjika kama karatasi, weka elfu ishirini hadi ishirini na tano. Njia nyingine ni kwa mafundi masofa kule Keko, wanauza vipande vya sponji, omba cha inchi mbili chenye urefu wa mita moja na nusu na upana wa nusu mita, sema sponji ya sofa inanyonya maji kwahiyo lazima uivishe lailoni, tumia ile lailoni ngumu ya kufunikia meza, shona au gundisha pembeni. Na chini ya hicho kigodoro, chochote kile, mwambie atandike boksi lililofunuliwa. Boksi la tivii linatosha. Watoto wataliona la ajabu siku ya kwanza, siku ya pili kila mmoja atauliza la kwake liko wapi.

Slipingi begi kuna njia tatu na zote sawa kwangu. Ya kwanza ni kukodi Moshi. Mji mzima una maduka na kampuni zinazokodisha vifaa vya mlima, na slipingi begi ndo inakodishwa kuliko kitu chochote. Tatizo ni kwamba mwezi wa saba uko ndani ya msimu wa wageni, ule unaoanza mwezi wa sita mpaka wa kumi, kwahiyo ukifika siku hiyo hiyo unakuta zimetoka, na bei utakayotajiwa ni ya dola. Hapa ndo mwalimu anatakiwa aingie. Mwalimu akipiga simu wiki tatu kabla akasema nina wanafunzi arobaini, siku tatu, Marangu chini, hatupandi kileleni, anapata bei ya tofauti kabisa na mzazi mmoja mmoja anayeulizia, kwa sababu mwenye stoo anapenda kutoa mzigo mmoja mkubwa kwa mtu anayemjua na ukarudi wote pamoja. Mkifika elfu ishirini na tano hadi thelathini kwa mtoto kwa safari nzima mmefanya vizuri.

Njia ya pili ni mtumba. Zinakuja, ila sio kila siku, inabidi uwaambie wale wauza mashuka na mablanketi ya mtumba wakuwekee wakifungua belo. Ukiipata ifungue zipu yote mpaka mwisho uifunge tena, zipu ikikwama mara mbili iache. Inyanyue juu kwenye mwanga, ukiona sehemu mwanga unapita na sehemu nyingine kuna mabonge, pamba imehama, hiyo haipashi. Kuna lebo utakuta zina namba mbili au tatu za nyuzi, moja imeandikwa Comfort, nyingine Limit, nyingine Extreme, we soma ya Comfort tu, hiyo Extreme ni ya mtu kutokufa, sio ya kulala. Na hivyo vipimo vimepimwa kwa mwili wa mtu mzima, mtoto mtolee nyuzi tano za tahadhari, kwahiyo Comfort ya nyuzi 5 inamtosha kabisa Marangu. Chagua ya pamba ya plastiki, achana na ya manyoya ya bata hata kama ni nzuri, manyoya yakilowa yanalala chini na kupasha kunaisha, na mtoto wa miaka 12 atailowesha tu. Sasa ukikodi au ukinunua utapewa ya mtu mzima, ndefu, na pale miguuni panabaki nafasi kubwa tupu ambayo mwili wake inabidi uipashe usiku kucha. Dawa yake ni kamba ya kiatu: mwingize mtoto, angalia miguu inaishia wapi, acha kiganja kimoja, hapo chini kusanya kitambaa ufunge kwa kamba kwa nje. Ule mkia uliobaki ukunje chini ya miguu.

Ya tatu ni mablanketi, na usione aibu hata kidogo. Mawili mazito. La kwanza litandaze juu ya kigodoro, nusu yake ikiwa nje upande wa kulia, la pili juu yake nusu yake ikiwa nje upande wa kushoto, mtoto analala katikati, unamfunika nusu moja kisha nyingine, chini miguuni unakunja kwenda ndani, na pini kubwa nne za nepi zinashika visifunguke akigeuka. Mfundishe hapo sebuleni mpaka ajifunge mwenyewe.

Njia yoyote utakayochagua mshonee mfuko wa ndani. Chukua doti ya khanga ambayo hujaikata, ile mbili zikiwa bado zimeungana, ikunje katikati pale kwenye mstari wa kukatia, shona pembeni kulia na kushoto, acha juu wazi, umepata mfuko wa mita moja na nusu unaomfikia mtoto wa darasa la sita mabegani. Analala humo alafu anaingia kwenye slipingi begi. Inaongeza joto kidogo, na kama begi ni la kukodi hujui nani kalilalia jana, ngozi ya mwanao inagusa khanga ya mama yake. Akirudi unafumua unavaa.

Koti la mvua. Hapa nenda Ilala au Manzese kwenye majaketi ya mtumba, na nenda na chupa ya maji mkononi. Yale majaketi ya baridi na mvua Dar hayana wateja kama mikoa ya baridi, kwahiyo kuna nafasi ya kuongea bei. Ukiona la saizi yake, geuza ndani nje kabla hujauliza bei. Kwenye mishono, hasa mabegani na kwenye kofia, tafuta utepe mwembamba uliobandikwa juu ya uzi. Utepe upo na umeshika, hilo lilitengenezwa kwa mvua. Hamna utepe, hilo ni la upepo, hata likiandikwa nini kifuani. Alafu pitisha mkono ndani, likitoa unga au magamba kama ngozi inachubuka, ule utando wa ndani wa plastiki umekufa, rudisha. Linuse pia, likitoa harufu ya kitu kilichochacha ambayo haitoki hata ukifua, ni ugonjwa huo huo. Likipita hapo mwombe muuzaji umwage maji kidogo begani, subiri dakika mbili uku mnaongea, ingiza mkono ndani: pakavu, lipa. Kwa nje maji yakinywea kitambaa usiogope, kinachoangaliwa ni ndani. Lichukue kubwa namba moja ili sweta liingie chini yake. Elfu kumi na tano mpaka ishirini unalipata. Ukishindwa kabisa, koti la mvua la bodaboda la Kariakoo linazuia maji kuliko majaketi mengi ya maana, kasoro yake mtoto anatoka jasho ndani akipanda mlima, kwahiyo mwambie alivae mvua ikianza na kulivua ikikata.

Chini ya koti anahitaji kitu kimoja cha kupasha, flizi au sweta la sufi. Flizi ya mtumba elfu tano mpaka nane, soma lebo iwe poliesta. Zile nguo za ndani za baridi za kwenye listi ruka, trakisuti ya michezo ya shule inafanya kazi hiyo hiyo. Jinzi isiingie kwenye begi, nakuomba, watoto wanaipenda kwa ajili ya picha lakini jinzi ikilowa saa nne asubuhi mpaka jioni bado imelowa, na tisheti za pamba ni hivyo hivyo, mpe jezi ya mpira ya kutembelea. Na awe na seti moja ya nguo kavu ya kulalia tu, suruali, fulana ya mikono mirefu, soksi na mzula, hiyo seti haivaliwi mchana kwa sababu yoyote, inakaa ndani ya lailoni yake imefungwa. Mtoto akilala na soksi alizotembelea, hata kama anaona zimekauka, jasho lililomo linampoza usiku kucha.

Viatu ndo sehemu inayokula hela nyingi na yenye mitego mingi. Swali langu la kwanza: ana raba za michezo zenye meno chini na zinamtosha? Kama anazo, mwisho wa habari, njia ya Mandara ni njia iliyotengenezwa, watu wanaipanda kwa raba kila siku. Kama hana ndo uende soko la mtumba la Karume, na hapa nisikilize vizuri. Utaona buti za mlima za mtumba zinang'aa, ngozi nzima, kamba mpya, soli haijaisha hata robo, muuzaji anakwambia hii kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, haijavaliwa. Inawezekana anasema kweli na bado kiatu ni kibovu. Ile sponji ya katikati ya soli, kati ya mpira wa chini na ngozi ya juu, kwenye buti nyingi ni poliyurethani, na hiyo kitu inaharibika kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini, ikifika miaka kadhaa inakuwa kama biskuti iliyolowa. Mtoto anatembea saa moja, soli nzima inabaki kwenye tope. Msitu wa Mandara umeona soli nyingi.

Kwahiyo kiatu kishike hivi: ukucha wa dole gumba ubonyeze pembeni kwenye ile sponji kwa nguvu. Ikirudi, nzima. Ikibaki shimo, au ikanata, au ukameguka unga, weka chini uondoke. Ikipita, kishike kisigino na ncha ukikunje kwa nguvu pale vidole vinapokunjia, angalia kwenye maungio kama kuna ufa unafunguka. Kisha fanya tena kwa kiatu cha pili, maana kuna viatu mguu mmoja una gundi mpya na mwingine la. Hata kikipita vyote mpitishie kwa fundi viatu akizungushie uzi soli nzima, elfu tano hivi, ni hela ndogo kwa amani utakayoipata. Saizi unaipima na soksi nene, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo: asukume mguu mbele mpaka vidole viguse, nyuma ya kisigino kidole chako kimoja kiingie. Wengi wanapima kwa kupanda, wanasahau kurudi, na ni wakati wa kushuka kilometa nane ndo vidole vinagonga mbele na kucha zinakuwa nyeusi. Na avivae wiki mbili kabla, shuleni, dukani, kanisani au msikitini, kokote, mpaka viwe vyake. Soksi nunua za mpira wa miguu, zile ndefu, jozi mbili, na chini yake avae soksi nyepesi ya shule, msuguano unabaki kati ya soksi na soksi, ngozi inapona malengelenge.

Taa ya kichwani ni muhimu kwa sababu ya choo. Mtoto anayeogopa kutoka usiku anajizuia, na mtoto aliyejizuia halali. Kariakoo zipo za elfu nane mpaka kumi na mbili, chukua inayotumia betri za kawaida, sio ya kuchaji, kambini arobaini watagombea soketi moja. Wakati wa kufunga begi geuza betri moja kichwa chini miguu juu, maana swichi zinajibonyeza zenyewe ndani ya begi na mtoto anafika Marangu taa imekufa. Aonyeshwe jinsi ya kuirudisha gizani kwa kupapasa.

Chupa ya maji iwe ngumu ya kutumia tena, lita moja, na nyingine ndogo, zile chupa za dukani za kunywa na kutupa hifadhini haziruhusiwi. Ile ngumu ina kazi ya pili: usiku aombe maji ya moto jikoni, sio yanayochemka, akaze kifuniko, aitikise kichwa chini kuhakikisha haivuji, aivishe soksi alafu aiweke miguuni dakika kumi kabla hajaingia kulala. Sahani, kikombe na kijiko chukua vya nyumbani vya bati au plastiki, andika jina. Kuzuia maji kwenye begi la shule, tafuta lailoni ya ndani ya kiroba cha sukari cha kilo 50, iingize ndani ya begi, vitu vyote ndani yake, sokota mdomo. Inashinda vile vifuniko vya nje vya mabegi ambavyo upepo unavichukua.

Fimbo za kutembelea acha, geta acha. Fimbo mtoto asikate njiani pia, hifadhini kukata mti ni kosa. Kama ana pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake na nyingine kwa mwalimu, na mwalimu ajue kwa maandishi.

Hema. Kama mwalimu atakwambia kila mzazi alete lake, usinunue peke yako. Kaeni wazazi watatu watatu, hema moja la watu watatu, mkodi Moshi pamoja na zile slipingi begi. Yale mahema ya bei rahisi ya dukani mengi lile paa la nje linafunika juu tu kama kikofia, pembeni ni kitambaa kimoja, mvua ya upepo ikija maji yanaingia moja kwa moja. La maana linashuka mpaka karibu na ardhi pande zote. Yule atakayeenda kuchukua alisimamishe pale pale stoo, asikubali kupewa likiwa limefungwa, ahesabu vyuma na vigingi vya chini, afunge na kufungua zipu, apige picha kila tundu alilolikuta ili wakati wa kurudisha kusiwe na maneno.

Sasa kuna jambo nataka ulimwambie kijana mwenyewe. Hapo Moshi kuna KPAP, shirika ambalo linawaazima wagumu wetu, hao wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, majaketi, suruali na viatu bure kabisa, wanachukua kabla ya safari wanarudisha wakishuka. Wanaume wenye nguvu, wanaoujua mlima, wanapanda na vitu vya kuazima. Kwahiyo akivaa flizi ya binamu yake na begi la shule asijione mdogo mbele ya mwenzake mwenye vitu vya dukani, na pitisha ombi kwenye grupu la familia leo leo, utashangaa nani ana glavu, nani ana mzula aliorudi nao kutoka Makete.

Hesabu yangu iko hivi, na bei zinacheza kulingana na siku na mdomo wako. Kigodoro elfu ishirini na tano, kukodi slipingi begi elfu thelathini, koti la mvua elfu kumi na tano, flizi elfu saba, viatu elfu thelathini na fundi elfu tano, soksi elfu sita, taa na betri elfu kumi na mbili, chupa elfu kumi, mzula na glavu elfu sita. Hiyo ni laki moja na arobaini na sita elfu, ukiwa umenunua au kukodi kila kitu bila kuazima hata kimoja. Elfu hamsini na nne inayobaki ishike mpaka ujue habari ya hema, shea yake ya kukodi itatoka hapo. Na kama raba anazo na mati za herufi mnazo, elfu sitini nyingine imerudi.

Anza na koti na viatu wiki hii hii, hivyo ndo vinahitaji kuzunguka na kuchagua, usiviache mpaka Jumamosi ya mwisho ukalazimika kuchukua kilichopo. Taa na chupa hata siku mbili kabla vinapatikana. Ukishaongea na mwalimu niandikie amejibu nini kuhusu hema na mizigo, na unipe urefu wa kijana, nikwambie kama ni bora mkodi slipingi begi au hayo mablanketi mawili yanatosha.